Matembezi Mafupi Ndani ya Shimo la Simenti



Tangu turudi kutoka Mombasa mmekuwa mkituuliza habari za arusi. Arusi ilikwenda vizuri, binti yetu amepokewa na wakwe wenye heshima, na pilau ililiwa mpaka usiku wa manane. Hayo tumekwisha kuyasimulia sokoni na kwenye robine, hatutayarudia. Wiki hii tunataka kuwaeleza habari za shimo.

Ndiyo, shimo. Baada ya arusi zilibaki siku mbili kabla ya kuanza ile safari ndefu ya basi hadi basi mpaka Kigoma, na boti ya kuvuka ziwa. Wenyeji wetu walitaka kutupeleka Fort Jesus na ufukweni. Ufukweni tulifika, na wawili kati yetu walionja maji kwa kidole kuhakikisha kama kweli yana chumvi. Yana chumvi. Lakini mama mmoja anayeuza mahamri huko Bamburi, aliposikia kwamba katika kundi letu kuna mwalimu na wakulima, alisema tusiondoke kabla ya kuona machimbo ya zamani ya kiwanda cha simenti. Tulidhani anatania. Nani anasafiri siku nne kwenda kutazama machimbo?

Hapa kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa shimo ni nini. Tangu mwaka 2015, kambi ilipofunguliwa kuwapokea ndugu zetu wa Burundi, nyumba zimejengwa kwa udongo wa hapa hapa. Kila nyumba ya matofali ina shimo lake mahali fulani. Ziwa lilipopanda mwaka 2020, na likapanda tena mwaka 2024, watu wa pwani walihama na kujenga upya, na mashimo mengine yakachimbwa. Ongezeni mashimo ya mchanga, na yale ya mawe, ambako wenzetu wanakaa juani wakivunja kokoto kwa nyundo, mtoto mgongoni. Mvua zikianza mashimo yanajaa, na yakijaa yanaleta vyura, mbu na watoto wanaotaka kuogelea. Mwezi wa nne uliopita mtoto wa darasa la pili alitolewa katika shimo lililo nyuma ya uwanja wa mpira. Alitoka hai kwa sababu mama aliyekuwa akipita na mzigo wa muhogo alisikia kelele. Mama huyo anasoma gazeti hili. Tunamshukuru tena.

Kwa hiyo tulipanda matatu. Kutoka kisiwa cha Mombasa unavuka daraja la Nyali, unashika barabara ya Malindi, na kabla hujachoka umefika Bamburi. Upande wa kushoto kuna kiwanda kikubwa cha simenti, ambayo wao wanaiita saruji. Karibu yake kuna geti, kibanda cha tiketi, na ubao wenye jina Haller Park. Tulilipa kiingilio. Mlinzi alitusikiliza tukizungumza, akauliza Kiswahili hicho ni cha wapi. Tulimwambia ni cha Fizi, Kongo. Akacheka, akasema anakielewa chote ila mwendo wake. Sisi tulikuwa tunafikiri vilevile juu ya Kiswahili chake.

Hatua ishirini baada ya geti tulisimama, kwa sababu ya kivuli. Nje jua la pwani lilikuwa linatuchoma kichwani, na hapa ghafla ni baridi, giza kidogo, na sauti juu ya vichwa vyetu kama ya mawimbi. Tulitazama juu tukaona ni miti. Mirefu, myembamba, yenye majani kama nywele au kama sindano laini, na upepo ukipita kati yake inavuma. Mti huo wao wanauita mvinje. Waliosoma Kifaransa wanaujua kwa jina la filao.

Sasa tuwaambie mahali tulipokuwa tumesimama palikuwaje zamani. Kampuni ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1954 kiwanda kikaanza kutoa simenti. Simenti inahitaji mawe ya chokaa, na pwani ile mawe ya chokaa ni matumbawe. Sisi watu wa ziwa hatuna matumbawe, basi tueleze: ni wanyama wadogo sana wa baharini wanaojijengea nyumba ngumu za chokaa, kizazi juu ya kizazi, mpaka nyumba hizo zinakuwa mwamba. Zamani sana bahari ilikuwa juu zaidi; iliposhuka, mwamba ule ukabaki nchi kavu. Bado yanaonekana. Kwenye ukuta mmoja wa mawe tuliona maumbo kama ya ubongo na kama ya masega ya asali, yamekauka ndani ya jiwe. Mwalimu wetu alikaa pale mpaka tukamvuta kwa mkono.

Kampuni ilikwangua udongo wa juu, ikachimba mwamba, ikausaga na kuuchoma. Ilifanya hivyo miaka mingi, ikisonga mbele kila ilipomaliza sehemu moja. Nyuma yake ilibaki sakafu ya jiwe tupu, yenye chumvi, karibu sana na maji ya chini ya ardhi. Hapakuwa na udongo, hapakuwa na kivuli. Wenyeji wanasema jua lilikuwa linarudi kutoka kwenye jiwe na kukupiga usoni.

Mwaka 1971 kazi ya kupafufua mahali pale ikaanza chini ya René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi ambaye tayari alikuwa akiifanyia kazi kampuni hiyo. Alianza kwa kujaribu. Alipanda aina 26 za miti, akasubiri kuona ipi itakubali. Baada ya miezi sita zilibaki hai aina 3 tu: mnazi, mti mmoja wa nchi kavu unaotoka upande wa Somalia, na mvinje. Tatu kati ya ishirini na sita! Mwanafunzi akileta alama hizo nyumbani tunamwambia atarudia mwaka. Yeye aliangalia zile tatu zilizoishi badala ya kulia na zile ishirini na tatu zilizokufa, na kati ya zile tatu akachagua mvinje uwe mti wa mbele.

Sababu ya kuuchagua ni ya kufundishia darasani. Mnajua kwamba baada ya maharagwe au karanga, shamba linakuwa na nguvu. Ni kwa sababu kwenye mizizi ya maharagwe kuna vifundo vidogo, na ndani ya vifundo wanaishi viumbe wasioonekana kwa macho wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mvinje si ndugu wa maharagwe, lakini nao una vifundo na wageni wake kwenye mizizi. Kwa hiyo unaweza kuishi mahali pasipo na mbolea, kwa sababu unajitengenezea. Tena unavumilia chumvi, na unakua haraka, zaidi ya mita moja kwa mwaka pale unapopenda.

Basi miti ikasimama, kivuli kikapatikana, na mtu yeyote angesema kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mvinje unaangusha yale majani yake membamba kila siku, na majani hayo yana uchachu kama wa gome la mti, hata vijidudu vya kuozesha havitaki kuyala. Yakawa yanalala tu pale chini, makavu, kama mkeka. Juu msitu, chini jiwe lilelile. Bila majani kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti wa pili utakaoota.

Aliyeikomboa kazi ile ni jongoo.

Ni jongoo kweli, yule wa miguu mingi anayejikunja mkimgusa. Kule pwani wako wakubwa wenye miguu myekundu. Haller aliona jongoo mmoja akiyala yale majani makavu ya mvinje. Akaagiza wakusanywe jongoo wengi, wakaachiliwa chini ya miti. Jongoo anakula majani, na anachotoa nyuma ni laini, cheusi, na vijidudu vya kuozesha vinakipenda. Kidogo kidogo udongo ukaanza kujitengeneza juu ya jiwe. Wazee wanasema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Pale Bamburi wangemtupa jongoo wangekuwa wametupa msitu mzima.

Tulichutama njiani tukafukua kwa kijiti. Juu kabisa majani makavu, chini yake majani yaliyokatika katika, chini yake tena kitu cheusi chenye unyevu, kinachonuka kama shamba la asubuhi. Mmoja wetu, ambaye amelima muhogo tangu utoto, alikishika, akakisugua kati ya vidole, akasema: hapa lengalenga zingeota. Halafu kijiti kikagonga jiwe. Udongo ule si mwingi, akina mama. Umetengenezwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Sisi tunaupoteza kwa mvua moja pale tulipofyeka mteremko.

Ndani ya msitu ule sasa kuna miti mingi ya asili ya pwani, iliyopandwa au kuletwa na ndege baada ya mvinje kufungua njia. Mivinje mingine inakatwa ili kuipa nafasi. Tuliuliza miti iliyokatwa inakwenda wapi. Nguzo za mvinje zinajenga nyumba, na kuni zake zinawaka vizuri sana, hata zikiwa bado mbichi. Hapo tulitazamana. Kila mwanamke wa Lusenda ana hesabu yake ya kuni: kilomita ngapi kwenda mlimani, kilomita ngapi kurudi, na nani wa kwenda naye ili usiwe peke yako. Hatari za njia ile tunazijua wenyewe, hatuna haja ya kuziandika mbele ya watoto wanaosoma gazeti hili.

Tuliendelea kutembea. Maji ya chini ya ardhi, yale yaliyokuwa karibu na sakafu ya machimbo, yamekuwa mabwawa, na mapema kabisa walianza kufuga samaki humo, tilapia kama hawa tunaowajua. Maji ya mabwawa ya samaki yana mbolea, kwa hiyo hayakumwagwa ovyo, yalitumika tena mashambani. Mambo ya namna hii ndiyo yaliyotufurahisha kuliko wanyama, ingawa tulijua mtatuuliza wanyama.

Haya, wanyama. Mamba wapo, wamelala midomo wazi kama wamelipwa kufanya hivyo. Sisi tuliokua tukisikia habari za Gustave, yule mamba mkubwa wa Ruzizi, hatukusogea karibu na ukuta. Kuna nyumba ya nyoka. Mmoja wetu alikataa kuingia, akatungojea nje na viatu vyetu vya akiba. Kuna pofu, kuna nyani wadogo wanaoiba ndizi kwenye mikoba, na kuna kobe wakubwa kama sufuria ya arusi iliyogeuzwa, wanaotembea peke yao njiani kati ya watu. Saa tisa alasiri twiga wanakuja kula kutoka mikononi mwa wageni. Unapewa chakula kiganjani, na ulimi mrefu wa rangi ya kiza unakizoa chote kwa mara moja. Tulipiga kelele kama watoto. Picha zipo, mkija kwenye kikao tutawaonyesha.

Kuna hadithi moja ya pale ambayo tuliisikiliza tukiwa kimya. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la chini ya bahari kule Asia lilileta mawimbi makubwa, na yakafika mpaka pwani ya Kenya. Huko Malindi mtoto wa kiboko alibaki peke yake baharini, amekwama kwenye miamba, mama yake hayupo. Watu walihangaika naye kwa nyavu na kamba mpaka wakamtoa. Kisha akaletwa katika machimbo haya ya Bamburi. Akapewa jina Owen, jina la mmoja wa waliomwokoa. Alipofunguliwa alikimbia moja kwa moja na kujificha nyuma ya kobe mzee, dume, aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130, ambaye jina lake hasa lilikuwa Mzee. Mzee alijaribu kumkimbia, na kwa kobe mnajua kukimbia kwake. Mtoto akamfuata. Baada ya siku chache walikuwa wanalala pamoja, na Owen akajifunza kula kwa kumwangalia Mzee akila. Watu duniani kote waliisoma habari hiyo, vitabu vya watoto vikaandikwa. Baadaye Owen alipokuwa mkubwa mno, alihamishiwa kwa kiboko mwenzake, jike aitwaye Cleo.

Sisi tunamjua kiboko. Kule Uvira, karibu na Ruzizi, akitoka majini usiku watu wanafunga milango. Hatumwiti rafiki. Lakini kati yetu tulikuwa na mama mmoja wa kambini anayelea watoto watatu aliowakuta njiani mwaka 2015, ambao hawakuzaliwa naye wala hawasemi lugha ya baba yake. Hadithi ilipoisha alisema tu: huyo kobe hakuulizwa kama anataka. Tukaendelea na safari.

Si kila kitu pale kilitupendeza. Kuna mwenye kulipa na asiyeweza kulipa. Mama wa mahamri anakaa dakika kumi kutoka getini na alikuwa hajaingia tangu watoto wake wawe wadogo. Tena mahali pale pana ukuta, walinzi na mishahara. Kampuni ilikuwa na mashine, na ilikuwa na mtu aliyelipwa kufikiria miti kila siku. Alistahili sifa, na alizipata: bustani ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1984, Umoja wa Mataifa ukamweka kwenye orodha yake ya heshima ya mazingira mwaka 1987, na baadaye bustani ikapewa jina lake. Lakini mtu akituambia Lusenda ifanye kama Bamburi, tutamwuliza kwanza ukuta ataulipa nani. Mche wetu ukifika kiuno, mtu ambaye hana kitu cha kupikia chakula cha jioni ataukata. Hatumlaumu. Tumewahi kuwa mtu huyo.

Kwa hiyo tuliporudi hatukuanza na miti. Tulikutana, wanawake kumi na wanne, kwenye shimo la nyuma ya uwanja, tukakubaliana kuhusu kuni kabla ya kugusa jembe. Makubaliano ni haya. Mwenye shamba anabaki na shamba lake. Tulizungumza naye mbele ya shefu wa kijiji. Waliopanda ndio watakaopunguza matawi, kwa zamu, nusu wenyeji nusu wa kambini, na shina haliguswi kwa miaka minne ya kwanza. Atakayelinda wiki fulani ndiye mwenye haki ya matawi ya wiki hiyo. Tulibishana sana juu ya sentensi hiyo ya mwisho, na huenda tukaibadilisha, lakini tumeianza nayo.

Halafu kingo. Shimo la Bamburi ni pana na chini ni jiwe. Letu ni jembamba, la udongo mfinyanzi, na kuta zake zimesimama wima kama za kisima. Mtoto akitumbukia hana pa kushika. Hii haihitaji mtaalamu wa Uswisi. Katika salongo mbili tumeupunguza ukingo wa upande wa uwanja ukawa mteremko, na tumechonga ngazi pana tatu. Upande wa njia bado. Hata mti mmoja usipoishi, ukingo ule umekwisha kuwa na faida.

Kuhusu miti tumefuata njia ileile ya kujaribu. Hatuleti mvinje; ulipendwa na jiwe lenye chumvi, na sisi hatuna jiwe wala chumvi, tuna udongo unaoshika maji kama chungu. Tumechagua aina sita ambazo mbegu au miche yake iko hapa hapa: kaliandra, ambayo nayo ina vifundo kwenye mizizi na majani yake mbuzi wanayapenda; grevilea; mpera; mchikichi; mwanzi; na mgomba, huu upande wa chini penye maji. Kumi kumi, jumla miche sitini. Wanafunzi wa darasa la sita wameandika namba kwenye vijiti, na baada ya miezi sita watahesabu ipi imeishi, watuletee matokeo, nasi tutayachapa hapa. Kama ni mbili kati ya sita, tutapanda hizo mbili. Walimu wenzetu, hii ni hesabu ya asilimia isiyohitaji kitabu.

Sehemu ya chini kabisa, ambayo maji hayakauki, tunaiwaza kwa tilapia. Samaki wadogo wanakula viluwiluwi vya mbu, na wakikua wanaliwa wao. Lakini bwawa linataka kina kinachojulikana na uzio, kwa hiyo halitaanza kabla ukingo wa pili haujapunguzwa. Mama mwenye ujuzi wa mabwawa ya samaki, hata kama alijifunzia Burundi au milimani, tunamwomba ajitokeze.

Watoto wametuuliza kama jongoo wataletwa kutoka Mombasa. Hapana, wetu wapo. Tafuteni chini ya makuti yaliyooza kwenye michikichi, hasa baada ya mvua. Jumamosi hii saa moja asubuhi, kila mtoto atakayekuja kwenye shimo na alete wachache, wasiozidi watano, ili tusiwanyang'anye michikichi wafanyakazi wake. Tutawaweka chini ya majani ya migomba tuliyoyatandaza. Lakini wazazi, waambieni: jongoo akibanwa anatoa maji yanayonuka, yanayochafua ngozi na kuwasha sana yakiingia machoni. Wasiwashike kwa mikono mitupu, wawazoe kwa jani au kijiti, na wakimaliza wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Wawabebe ndani ya kopo lenye matundu na majani mabichi kidogo. Chupa iliyofungwa itawaua kabla hawajafika.